Tiba ya sanaa kwa majinamizi ya vita

Tiba ya sanaa kwa majinamizi ya vita ni matumizi ya uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na kazi nyingine za sanaa katika kuwatibu askari na wapiganaji wa zamani wanaosumbuliwa na ndoto za kutisha kutokana na mambo waliyoyapitia vitani. Huendeshwa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa kawaida pamoja na tiba nyingine za afya ya akili. Lengo lake si kumfanya mgonjwa awe msanii. Lengo ni kumsaidia aitoe ndoto kichwani, aiweke mahali anapoweza kuitazama akiwa macho, na hatimaye aweze kulala.

Tiba hii ilikua hasa Uingereza na Marekani katika karne ya 20. Katika Afrika Mashariki mbinu zinazofanana nayo zimetumika kwa wakimbizi na wapiganaji wa zamani wa Uganda na wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa Tanzania suala hili linawahusu askari waliopigana Vita vya Kagera (1978–1979), ambao sasa ni wazee, na vijana waliorudi kutoka kulinda amani Darfur na Kongo.

Maana ya jinamizi

Neno jinamizi (wingi: majinamizi) hutumika katika Kiswahili kwa ndoto ya kutisha, hasa ile inayomfanya aliyelala ajione amekabwa au kulemewa. Watu husema mtu "amekabwa na jinamizi". Neno hilo hujumlisha mambo mawili ambayo tiba ya kisasa huyatenganisha.

La kwanza ni hali ya mtu kuamka akili ilhali mwili bado haujaweza kusogea. Huhisi uzito kifuani na pengine huona kivuli chumbani. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, na huweza kumpata mtu yeyote, hasa aliyechoka sana au anayelala kwa saa zisizo na mpango.

La pili ni ndoto yenyewe ya kutisha, ambayo mtu huamka nayo akiwa anaikumbuka vizuri. Makala hii inahusu aina hii ya pili, inapotokana na vita.

Majinamizi ya vita

Kila mtu huota ndoto mbaya mara mojamoja. Jinamizi la vita hutofautiana na ndoto hizo kwa mambo matatu. Kwanza, mara nyingi hurudia tukio lililotokea kweli, au sehemu yake, kwa namna ileile usiku baada ya usiku. Pili, huweza kuja mapema usiku, wakati ndoto mbaya za kawaida huja zaidi karibu na alfajiri. Tatu, huambatana na mwili kujitupa, kupiga kelele, jasho na moyo kwenda mbio. Wapo wanaowapiga wenzi wao wakiwa usingizini bila kujua, na kwa sababu hiyo huamua kulala chumba cha peke yao.

Majinamizi hayo ni moja ya dalili kuu za ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, unaojulikana duniani kwa kifupi kama PTSD. Ugonjwa huo uliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya Vita vya Vietnam. Dalili zake nyingine ni kumbukumbu zinazojileta zenyewe mchana, kukwepa kila kinachokumbusha vita, kushtuka upesi, hasira na kujitenga na watu. Katika uchunguzi mmoja uliowalinganisha askari wa Vietnam na raia, asilimia 52 ya askari wenye ugonjwa huo walisema huota majinamizi mara kwa mara, wakati kwa raia walikuwa asilimia 3 tu.

Madhara yake huenea mbali kuliko usiku. Anayeogopa ndoto huogopa kulala, na asiyelala hushindwa kufanya kazi, huwa mkali kwa watoto na husahau mambo. Wengi hutafuta usingizi katika pombe. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huuvuruga usingizi wa saa za baadaye, na anayeiacha ghafla baada ya kuizoea huota vibaya zaidi. Hivyo dawa aliyojichagulia huongeza ugonjwa.

Si kila jinamizi la vita hutokana na hofu. Mengine hutokana na huzuni kwa wenzake waliokufa, na mengine na hatia: jambo alilolifanya, au alilolishuhudia bila kulizuia. Wataalamu huiita hali hiyo ya mwisho jeraha la dhamiri. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu anayeota kwa hofu anahitaji kuhisi yuko salama, lakini anayeota kwa hatia anahitaji zaidi mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu.

Kwa nini sanaa

Askari wengi hawasimulii walichokiona. Sababu moja ni mila ya jeshi, inayomfundisha mtu kuvumilia na kutunza siri. Sababu nyingine ni kuwahurumia nyumbani: baba hataki mwanawe abebe picha aliyonayo yeye. Sababu ya tatu imo katika kumbukumbu yenyewe. Tukio la kutisha mara nyingi hubaki akilini vipande vipande, kama picha, sauti, harufu na maumivu ya mwili, bila mpangilio wa mwanzo, kati na mwisho. Aliyeulizwa "ilikuwaje?" hukosa mahali pa kuanzia.

Mchoro hauhitaji mwanzo. Mtu anaweza kuanza na rangi ya moshi, au umbo la daraja, au buti moja lililobaki njiani. Ndoto iliyokuwa ndani yake sasa iko mezani. Ina kingo, inaweza kufunikwa, kugeuzwa au kuwekwa kabatini hadi juma lijalo. Hapo nafasi hubadilika: usiku ndoto humtawala mtu, lakini mbele ya karatasi mtu ndiye mwenye kalamu. Maneno huja baadaye, mara nyingi kwa kuuelezea mchoro badala ya kujieleza mwenyewe, na hilo huwa rahisi zaidi.

Historia

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia madaktari wa Uingereza waliwaona maelfu ya askari waliotetemeka, waliopoteza sauti au waliopiga kelele usiku bila jeraha la mwili. Daktari Charles Myers alilitumia jina la "mshtuko wa makombora" katika jarida la tiba mwaka 1915. Kwenye hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa wenye majinamizi. Wakati huo ushauri wa kawaida ulikuwa kumwambia mgonjwa asahau. Rivers aliandika mwaka 1918 kwamba juhudi hizo za kusahau ndizo zilizozidisha ndoto, na kwamba wengi walipata nafuu walipoitazama kumbukumbu yao pamoja na mtu wa kuwasikiliza. Washairi Siegfried Sassoon na Wilfred Owen walikuwa miongoni mwa wagonjwa wa hospitali hiyo, na Owen alihariri gazeti la wagonjwa.

Upande wa Ujerumani, mchoraji Otto Dix, aliyepigana katika vita hivyo, alieleza kwamba kwa miaka mingi aliota akitambaa ndani ya nyumba zilizobomoka. Mwaka 1924 alitoa mfululizo wa picha 50 kuhusu vita. Hakuwa mgonjwa wa tiba ya sanaa, kwani tiba hiyo haikuwapo bado, lakini kazi yake hutajwa mara nyingi kama mfano wa askari aliyeyapeleka majinamizi yake kwenye picha.

Jina "tiba ya sanaa" lilianza kutumiwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill. Alikuwa akiugua kifua kikuu katika hospitali na akagundua kwamba kuchora kulimtoa katika unyonge. Akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Huko Marekani Margaret Naumburg na Edith Kramer waliijenga fani hiyo kwa njia mbili tofauti: Naumburg aliuona mchoro kama lugha ya mambo yaliyofichika akilini, Kramer aliona kwamba tendo lenyewe la kuumba kitu ndilo linaloponya. Chama cha wataalamu wa Uingereza kiliundwa mwaka 1964, na cha Marekani mwaka 1969.

Katika karne ya 21 vita vya Iraki na Afghanistan viliirudisha tiba hii katika hospitali za kijeshi. Kwenye kituo cha afya ya ubongo cha jeshi la Marekani kilichofunguliwa Bethesda mwaka 2010, wagonjwa hutengeneza vinyago vya uso chini ya uongozi wa mtaalamu wa tiba ya sanaa. Mamia ya vinyago hivyo vimechunguzwa na watafiti: vingine vina uso uliopasuka katikati, vingine mdomo uliofungwa kwa kamba au kufuli, vingine nusu bendera na nusu fuvu. Melissa Walker, mtaalamu aliyeendesha kazi hiyo, ameeleza hadharani habari za askari aliyefuatwa kwa miaka na uso wenye damu katika kumbukumbu zake. Alipoutengenezea kinyago na kukiacha kituoni, uso huo ulipungua nguvu.

Namna tiba inavyoendeshwa

Hakuna utaratibu mmoja unaofuatwa kila mahali, lakini hatua zifuatazo ni za kawaida.

1. Usalama kwanza. Mtaalamu na mgonjwa hufahamiana, hukubaliana juu ya siri, na mgonjwa hujifunza namna ya kujituliza: kupumua taratibu, kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kutaja vitu anavyoviona chumbani. Mara nyingi mchoro wa kwanza huwa mahali anapojisikia salama, kama kivuli cha mwembe nyumbani au ufuko aliokulia.

2. Kuchora ndoto. Mgonjwa huchagua ndoto moja, pengine si ile mbaya kuliko zote, na kuichora, kuifinyanga au kuichonga. Hashurutishwi. Anaweza kuishia kwenye rangi tupu.

3. Kuitazama na kuieleza. Mtaalamu huuliza juu ya mchoro: nani yuko wapi, nini kinasikika, wewe uko upande gani. Hafasiri kwa niaba ya mgonjwa wala hasifu au kukosoa uzuri wa picha.

4. Kuibadilisha. Mgonjwa huchora ndoto upya kwa mwisho anaoutaka yeye.

5. Mazoezi. Kila siku, mchana, huutazama mchoro mpya na kuirudia ndoto mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20.

Hatua mbili za mwisho zimetokana na tiba ya kurudia taswira, iliyoendelezwa Marekani na daktari Barry Krakow na wenzake. Katika tiba hiyo mgonjwa kwa kawaida huandika ndoto badala ya kuichora. Uchoraji huifaa zaidi pale ambapo mgonjwa hajazoea kuandika, au maneno yamemkauka.

Kwa mfano wa kufikirika, mzee aliyekuwa mpiganaji Kagera anaota kila mara anavuka daraja pamoja na wenzake, daraja linavunjika, naye anaamka kabla hajajua nani amezama. Anachora daraja mara tatu. Katika karatasi ya kwanza ni mistari ya mkaa tu. Katika ya pili kuna watu, na kwa mara ya kwanza anataja jina la mmoja wao. Katika ya tatu anachora mtumbwi na kamba, naye yuko ng'ambo akiwavuta. Hakuna anayemwambia kwamba ndivyo ilivyotokea, wala yeye mwenyewe hadanganyiki. Kinachobadilika ni kwamba ndoto ina mwisho mwingine wa kuendea, na kwamba jina la rafiki yake limetamkwa mbele ya mtu.

Ushahidi wa kitaalamu

Wagonjwa wengi husema tiba ya sanaa imewasaidia. Ushahidi wa kisayansi, hata hivyo, bado ni mdogo. Mapitio ya mwaka 2015 kuhusu watu wazima wenye kiwewe yalipata tafiti sita tu zilizokuwa na kundi la kulinganisha, na katika nusu yake dalili za kiwewe zilipungua kwa kiasi cha kuonekana. Tafiti nyingi huwa na washiriki wachache, na chache sana zimepima majinamizi peke yake.

Tiba ya kurudia taswira imechunguzwa zaidi. Mwaka 2018 chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kiliipendekeza kwa majinamizi, yakiwemo yanayotokana na kiwewe. Lakini utafiti wa mwaka 2010 kwa askari 124 wa Vietnam haukuona ubora wake juu ya tiba waliyolinganishwa nayo. Inaonekana majinamizi yaliyodumu miaka 30 ni magumu kuliko mapya.

Dawa nazo hazijatoa jibu la wote. Prazosini, dawa ya shinikizo la damu iliyotumiwa sana kupunguza majinamizi ya askari, haikuishinda dawa bandia katika jaribio la askari wastaafu 304 lililotangazwa mwaka 2018, ingawa madaktari bado huwapa baadhi ya wagonjwa. Kwa sababu hizo tiba ya sanaa huonwa kama nyongeza ya tiba ya mazungumzo, na mara nyingine kama mlango wa kuingilia kwa yule asiyeweza kuanza kwa maneno.

Uganda na mashariki mwa Kongo

Katika Afrika Mashariki kazi iliyochunguzwa vizuri zaidi ni tiba ya simulizi ya maisha, iliyobuniwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Si tiba ya sanaa kamili, lakini huanza kwa kitu cha kuonekana. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, ambayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka ua mahali pa jambo jema na jiwe mahali pa jambo baya. Baada ya hapo husimulia jiwe moja moja hadi kila moja lipate mahali pake na wakati wake.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwa wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, na matokeo yalitolewa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya waliopata tiba hiyo bado walikuwa na ugonjwa, wakati kwa waliopata ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine kwa vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliokuwa wametekwa na waasi wa Lord's Resistance Army na kulazimishwa kupigana. Waliotibu hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa kazi hiyo, na vikao vilifanyika majumbani kwa vijana wenyewe. Waliosimulia maisha yao walipata nafuu zaidi kuliko wenzao wa makundi mengine. Baadaye mbinu hiyo ilirekebishwa kwa wapiganaji wa zamani mjini Goma, ambako ilibidi tiba ishughulikie pia mazoea ya kupenda mapigano.

Vituo vilivyowapokea watoto waliotoroka waasi, kikiwemo cha shirika la GUSCO mjini Gulu, viliwapa karatasi na rangi, ngoma na michezo. Miongoni mwa Waacholi ndoto za waliouawa huelezwa kuwa ni cen, yaani roho ya marehemu inayomfuata aliyeua au aliyeshuhudia. Kwa hiyo kijana hupokewa pia kwa desturi za utakaso, kama ile ya kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Familia nyingi zilizitumia njia zote mbili bila kuona mgongano.

Tanzania

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 3 Novemba yalilibomoa daraja la Kyaka. Tanzania iliwaingiza vitani askari wa JWTZ pamoja na mgambo, polisi na vijana wa JKT. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na vita vilikwisha Juni mwaka huo. Ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe uliingia katika mwongozo wa Marekani mwaka uliofuata. Kwa hiyo wapiganaji hao walirudi nyumbani wakati ugonjwa wao ulikuwa haujapata jina lake la sasa katika mwongozo huo. Walipokelewa kwa heshima kama mashujaa. Lakini shujaa anayepiga kelele usiku hana jina la kujiitia isipokuwa mwoga au aliyerogwa.

Kizazi cha pili ni cha walinda amani. Tarehe 13 Julai 2013 Watanzania 7 waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF waliishambulia kambi ya Semuliki, eneo la Beni katika Kivu Kaskazini, na kuua walinda amani 15 wa Tanzania, huku makumi wakijeruhiwa. Majeruhi wa mwili huhesabiwa siku ileile. Majinamizi huweza kuanza miezi au miaka baadaye, pengine baada ya kustaafu, pale shughuli za kila siku zinapopungua.

Kazi za mikono kama tiba si ngeni nchini. Hospitali ya Lutindi mkoani Tanga ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikawahudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na wagonjwa wake hufanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya matibabu. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927. Wataalamu wa tiba kwa kazi, wanaofunzwa Moshi, hutumia ufumaji, uchoraji na ufinyanzi kumrudisha mgonjwa katika maisha ya kila siku.

Mkoa wa Pwani na Dutumi

Dutumi ni kata ya Wilaya ya Kibaha Vijijini, Mkoa wa Pwani, jirani na nchi ya Kisarawe. Isichanganywe na Dutumi ya Morogoro, kusini mwa milima ya Uluguru, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Septemba 1916. Eneo hili ni la Wazaramo na Wakwere pamoja na wahamiaji wengi. Kambi ya JKT Ruvu imo katika wilaya hiyohiyo, na kumbukumbu za vita katika Uzaramo ni za zamani: Majimaji ya 1905 ilifika Kisarawe na Maneromango.

Wazaramo wana urithi wa sanaa unaogusa uponyaji. Wanajulikana kwa uchongaji wa mwana hiti, na katika ngoma ya madogoli mganga hushughulikia mtu anayesumbuliwa na pepo kwa ngoma, nyimbo na dawa, mbele ya ndugu na majirani. Kwa mgonjwa wa majinamizi, sehemu ya jamii katika ngoma hizo ina maana yake: mateso yake hupewa jina, na watu hukesha naye. Pwani ya Afrika Mashariki pia ndiko ilikoanzia ngoma ya beni mwishoni mwa karne ya 19. Beni iliiga gwaride na bendi za jeshi, na askari wa pande zote mbili waliieneza barani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna aliyeiita tiba, lakini ilikuwa sanaa ambamo mambo ya jeshi yaligeuzwa kuwa mchezo.

Mambo haya hayachukui nafasi ya matibabu. Mzee wa kata kama Dutumi anayeota vita huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Tumbi iliyoko Kibaha, na ikibidi Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kwa wanajeshi ipo Hospitali Kuu ya Jeshi ya Lugalo. Vifaa vya sanaa si kikwazo: mkaa, udongo wa mfinyanzi na karatasi vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni mtu aliyefunzwa kusikiliza, na mfano wa Uganda unaonyesha kwamba mtu huyo anaweza kuwa mwenyeji asiye daktari, mradi amefunzwa na anasimamiwa. Walimu wa sanaa wapo pia mkoani, kwani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo imekuwa ikifundisha tangu 1981. Mwalimu wa sanaa, hata hivyo, si mtabibu, na asiendeshe kazi hii bila mtaalamu wa afya ya akili.

Tahadhari

Kuichora ndoto ya vita bila maandalizi kunaweza kumrudisha mtu vitani akiwa macho. Kwa hiyo:

- Mgonjwa asilazimishwe kuchora wala kusimulia, hasa mbele ya kundi.
- Mchoro ni mali yake na ni siri kama faili la hospitali. Usionyeshwe katika sherehe, shule au maonyesho bila ridhaa yake.
- Mchoro usitumiwe kumpima kama ni mkweli, jasiri au mwenye hatia.
- Dawa alizoandikiwa zisiachwe kwa sababu ameanza kuchora.
- Anayezungumzia kujiua, au ambaye michoro yake inaonyesha kifo chake mwenyewe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kuachwa peke yake.

Ndugu nao wana sehemu yao. Anayeota asiamshwe kwa kutikiswa, kwani anaweza kupiga kabla hajajua alipo. Huitwa kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kutoka mbali kidogo, na kuambiwa yuko wapi. Asubuhi asiulizwe kwa nguvu ameota nini. Inatosha ajue kwamba nyumbani watu wanafahamu kuwa huo ni ugonjwa wenye tiba.